Msomaji Anayekusudiwa Langoni: Uhakiki wa Kioo cha Kuingilia Kompyuta, Masisi na Walikale

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuchambua riwaya, tamthilia na utenzi. Matini fupi ambayo msomaji huikuta kila awashapo kompyuta haijapata mhakiki. Katika mifumo ya jamii ya Unix matini hiyo hutolewa na programu ya lango, yaani ile inayotandaza kioo cha kuingilia, ikauliza jina na neno la siri, kisha ikampisha mtu kwenye kazi yake. XDM, mzazi wa programu hizi, ilitoka mwaka 1988 pamoja na X11R3. Leo zinatumika zaidi GDM, SDDM na LightDM. Maneno yake ni machache mno, lakini kila matini huwa na msomaji iliyemkusudia, na hapo ndipo penye tatizo.

Chukua kituo cha afya huko Walikale, au ofisi ya ushirika wa wachimbaji Rubaya, katika Masisi, ambako umeme wa jua huifanya mashine izimwe na kuwashwa mara nyingi. Msimamizi akitaka lango liseme Kiswahili, maktaba ya glibc, ambayo mifumo mingi ya Linux huitegemea, humpa sw_KE na sw_TZ: Kenya na Tanzania. Kilingala kimeandikiwa ln_CD, kwa jina la Kongo. Kiswahili hakina sw_CD, ijapokuwa Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Ajabu ni kwamba hazina ya Unicode, CLDR, inayo sw_CD, na orodha ya mipangilio ya kibodi inayo cd. Kibodi inaijua Kongo, lugha haijui.

Kasoro hii si ya jina tu. Pale tafsiri inapokosekana, na hukosekana mara kwa mara, programu hurudi kwenye Kiingereza. Kwa msomaji wa Nairobi hilo ni usumbufu mdogo. Kwa muuguzi aliyesomeshwa kwa Kifaransa ni ukuta. Dawa ipo, nayo ni nyepesi: LANGUAGE=sw:fr huagiza Kiswahili kwanza, kisha Kifaransa. Lawama haiwaangukii wafasiri, kwani mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba lugha hii inaimudu kazi hiyo. Wao waliwaandikia wasomaji waliowajua.

Lililo zito zaidi ni tarehe inayoonyeshwa juu ya kioo. Lango la sw_TZ huandika Jumatatu. Katika mazungumzo ya Kivu siku hiyo ni siku ya kwanza, na siku ya tatu ndiyo Jumatano ya pwani. Anayehesabu kwa desturi ya kwao anaweza kusoma Jumatatu na kuelewa siku mbili mbele. Neno ni sahihi kabisa kwa kipimo cha Kiswahili sanifu, na bado linaweza kumpoteza mama aliyepangiwa siku ya chanjo ya mtoto. Usanifu usiojua hesabu ya msomaji wake umetimiza nusu ya kazi.

Kisha kuna kibodi. Shule na ofisi za Kongo hutumia AZERTY. Lango likiachwa na mpangilio wa Kimarekani, atakayepiga masisi ataandika ;qsisi, na walikale itakuwa zqlikqle; vitone vinavyoficha neno la siri huficha pia kosa, na mtu huambiwa kwamba amekosea ilhali vidole vyake havikukosea. Katika Debian hurekebishwa kwa XKBLAYOUT="cd" ndani ya /etc/default/keyboard.

Limebaki suala la majina. GDM, kwa kawaida yake, huorodhesha watumiaji wote kwa majina yao kamili. Mahali penye amani huo ni ukarimu. Masisi-kati ilitwaliwa na M23 Januari 2025, na Walikale-kati Machi mwaka uo huo, kabla ya waasi kuondoka huko Aprili. Katika nchi ambayo jina huweza kutangaza kama mtu ni Mhunde, Mnyanga au mzungumzaji wa Kinyarwanda, orodha hiyo humweleza yeyote anayewasha mashine ni nani hufanya kazi humo, tena bila kuulizwa neno la siri. LightDM huificha kwa greeter-hide-users=true. GDM ina disable-user-list=true, lakini Debian huuweka mstari huo katika /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults ukiwa umetanguliwa na alama ya reli, #, inayoubatilisha. Hauna nguvu yoyote mpaka msimamizi aifute alama hiyo kwa mkono wake.