Zabibu mbili kwenye maikrowevu: tusiipe resonansi sifa zote

Pengine umeshaiona ile video. Mtu anakata zabibu katikati, anaacha kipande chembamba cha ganda kinachoshikanisha nusu mbili, anaiweka kwenye maikrowevu, na baada ya sekunde chache kinalipuka kitu kama mpira wa moto. Kile si moto, ni plazma: gesi iliyonyang'anywa elektroni, yenye ioni za sodiamu na potasiamu kutoka kwenye tunda lenyewe.

Kwa muda mrefu tuliambiwa eti nusu mbili ni antena na lile ganda ni waya. Mwaka 2019 Hamza Khattak, Pablo Bianucci na Aaron Slepkov, watafiti wa Kanada, walichapisha kwenye jarida la PNAS makala iliyoyazika maelezo hayo. Isome, ni nzuri kweli. Ila usiimeze nzima nzima.

Tuanze na sifa zake. Waliweka zabibu nzima mbili zinazogusana, kisha wakaweka shanga za jeli zilizojaa maji. Hakuna kukata wala daraja la ganda, na bado pakawaka. Kwa hiyo kinachohusika ni madonge mawili ya maji.

Maelezo yao ni haya. Maikrowevu hutumia masafa ya 2.45 GHz, na wimbi lake hewani lina urefu wa kama sentimita 12. Ndani ya maji wimbi hilo hubanwa karibu mara tisa, likabaki sentimita moja na kitu, yaani saizi ya zabibu. Basi wimbi linanaswa ndani na kujijenga, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hiyo ndiyo resonansi. Kamera ya joto iliunga mkono: zabibu ikiwa peke yake hupata joto katikati, zikiwa mbili joto huhamia pale zinapogusana.

Sasa ngoja kidogo. Hapo kuna mambo mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. Madonge mawili ya maji yakiwekwa kwenye uga wa umeme hukusanya chaji kinyume kwenye nyuso zinazotazamana, na mwanya ukiwa mdogo, uga pale katikati huwa mkali sana. Hilo halihitaji resonansi hata kidogo. Ukipima kwenye masafa ya jikoni tu, utajuaje ni lipi linalowasha? Isitoshe, maji hufyonza mawimbi haya, na bembea yenye msuguano mwingi haipandi juu sana.

Njia ya kuamua ni kuiondoa resonansi uone. Mwaka 2021 K. R. Chu na wenzake wa Taiwan walifanya hivyo, kwenye jarida la Physics of Plasmas. Walishuka hadi 27 MHz, ambako wimbi lina urefu wa mita 11 hewani na zaidi ya mita moja ndani ya maji. Zabibu haiwezi kulinasa wimbi kama hilo. Cheche zikatoka vilevile.

Je, wa Kanada wameshindwa? Mimi sioni hivyo. Jaribio la Taiwan linathibitisha kwamba resonansi si *lazima*. Halithibitishi kwamba kwenye 2.45 GHz haichangii chochote. Lile joto la katikati ya zabibu moja bado linadai wimbi linaloenea ndani yake. Kosa ni la sisi tuliosoma "inahusiana na" tukasikia "inasababishwa na".

Si mzaha wa matunda tu huu. Milinganyo hiyohiyo hutumika kwa jozi za chembe ndogo mno za silikoni zinazobana mwanga. Anayezisanifu lazima ajue ahangaikie nini zaidi: ukubwa wa chembe, au mwanya kati yake.

Kwa hiyo ukiambiwa "sababu ni hii", uliza: je, waliiondoa wakaona? Na zabibu, tafadhali, ule tu. Maikrowevu ni ghali.