Juu ya Kitabu cha Fenollosa cha Sanaa ya Japani

Ernest Fenollosa, Mmarekani, alifika Japani mwaka 1878 kufundisha falsafa katika chuo kikuu cha Tokyo. Alifariki mwaka 1908, na kitabu chake kikubwa, Epochs of Chinese and Japanese Art, kilitolewa mwaka 1912 kwa bidii ya mkewe. Wengi watafutao habari za sanaa ya Japani wameanzia humo. Kwa hiyo yatupasa kukipima.

Sifa yake ni kubwa. Baada ya mwaka 1868 mahekalu mengi ya Kibuddha yalivunjwa, na mali zake zikauzwa kwa bei ndogo. Fenollosa, pamoja na mwanafunzi wake Okakura Kakuzo, alizunguka akiziandika zilizosalia; na mwaka 1897 serikali ikatoa sheria ya kuzilinda. Hapa twaliona neno la wahenga: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini na tutazame habari zake za Horyuji, karibu na Nara. Mwaka 1884 alitaka kufunguliwa sanamu iliyofichwa katika nyumba ya pembe nane iitwayo Yumedono. Makuhani walikataa, wakisema nchi itatetemeka na kuliangusha hekalu. Naye alikuwa na idhini ya serikali, basi wakashindwa. Ndani palikuwa na umbo lililozongwa nguo, yadi 500 hivi kwa hesabu yake. Zilipokwisha kuondolewa, akatokea Kannon, mwenye rehema, amefunikwa dhahabu.

Hapo naona kasoro mbili. Kwanza, aliipima sanamu kwa pishi ya kwao, akiilinganisha na kazi za Wayunani wa kale. Tena aliidhani kuwa ya Wakorea, hali wataalamu wengi leo husema ilichongwa Japani katika karne ya 7, kwa mti wa mkafuri. Pili, asimulia kama mshindi aliyeteka mji. Lakini dhahabu ile haikuchakaa kwa sababu ilikaa gizani karne nyingi. Wale aliowashinda ndio waliomtunzia alichokiona.

Siku hizi sanamu huonyeshwa mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli, kisha mlango hufungwa tena. Kitabu hiki kisomwe, maana kina upendo na elimu. Ila sisi tukusanyao desturi za wazee tusidhani kwamba aliyefungua mlango ana haki kuliko aliyeulinda.