Kura au Kutunza? Uhakiki wa Nafasi ya Mtazamaji katika Tusker Project Fame

Utangulizi

Kati ya mwaka 2006 na 2013, shindano la uimbaji la Tusker Project Fame lilirushwa katika televisheni za Afrika Mashariki kwa misimu sita. Makao yake yalikuwa Nairobi, na mdhamini wake alikuwa kampuni ya bia iliyolipa shindano jina la bidhaa yake. Waimbaji walikaa pamoja kama wanachuo, wakafunzwa na kutathminiwa na majaji mbele ya kamera. Hata hivyo, ushindi wao ulitegemea sana watazamaji waliotuma ujumbe mfupi wa simu. Tendo hilo liliitwa kupiga kura. Makala haya yanajenga hoja kwamba jina hilo halikuafiki tendo lenyewe, na kwamba utamaduni wa Waswahili una neno linalolieleza vyema zaidi: kutunza.

Orodha ya washindi na mipaka yake

Lawama iliyozoeleka dhidi ya mashindano ya aina hii ni kwamba kila taifa humpigia kura mtu wake, hivyo wengi huwashinda wachache. Orodha ya washindi haiungi mkono dai hilo moja kwa moja. Valerie Kimani wa Kenya alishinda mwaka 2006, Esther Nabaasa wa Uganda 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, Davis Ntare wa Uganda 2010, Ruth Matete wa Kenya 2012, na Hope Irakoze wa Burundi 2013. Tanzania, yenye watu wengi kuliko nchi hizo zote, haikutoa mshindi hata mmoja. Lakini orodha hiyo haithibitishi kuwa kipaji kiliushinda uzalendo. Inaeleza nani alishinda. Haielezi nani alimchagua, mara ngapi, wala kwa gharama gani. Katika uchaguzi, mtu mmoja ana kura moja, na maskini na tajiri huwa sawa mbele ya sanduku. Katika shindano, ujumbe ulilipiwa, na mwenye salio zaidi aliweza kutuma zaidi.

Kutunza kama kipimo

Ni katika taarabu ambapo mlinganisho wa karibu unapatikana. Kelly Askew, katika Performing the Nation (2002), ameonyesha kuwa kutunza ni tendo la mawasiliano: msikilizaji huinuka, hucheza hadi jukwaani na kumpa mwimbaji fedha, mara nyingi kwenye ubeti anaoufanya kuwa kauli yake mwenyewe kwa mtu fulani ukumbini. Kama ujumbe wa simu, tunzo hutolewa kwa fedha, hurudiwa bila kikomo, na haifichi upendeleo.

Tofauti, hata hivyo, ni tatu. Kwanza, mtunzaji huonekana. Mtuma ujumbe hujificha ndani ya jumla ya hesabu. Pili, mtunzaji huitikia maneno ya wimbo. Mtuma ujumbe huitikia mtu mzima pamoja na nchi yake, sura yake na masaibu yake kama yalivyoonyeshwa wiki nzima. Tatu, tunzo hupita mkononi mwa mwimbaji mbele ya macho ya wote. Bei ya ujumbe hupitia kwanza kampuni ya simu. Kwa hiyo shindano lilichukua ukarimu wa kutunza bila uwazi wake, na likachukua heshima ya kura bila usawa wake.

Haki inadai upande wa pili nao usemwe. Ukumbi wa taarabu huwaingiza mamia. Simu ilimwezesha mtazamaji wa Bujumbura kumuunga mkono mwimbaji aliye Nairobi. Ushiriki wa kiwango hicho katika tukio moja la sanaa ni jambo ambalo taasisi za utangamano hazijalifanikisha kwa urahisi.

Suala la lugha

Kwa sababu hiyohiyo, uchaguzi wa lugha una uzito. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Jukwaani, maelezo na hukumu za majaji zilitawaliwa na Kiingereza, na Kiswahili kikabaki zaidi ndani ya baadhi ya nyimbo. Mtazamaji asiyejua Kiingereza aliombwa alipie uamuzi ambao sababu zake hakuzielewa.

Hitimisho

Wasimamizi wa utangazaji hawana haja ya kupiga marufuku mashindano haya. Wanachopaswa kudai ni mambo matatu: bei ya ujumbe na mgawanyo wa mapato vitangazwe kabla ya msimu kuanza, hesabu itolewe kwa kila nchi, ikitenganisha idadi ya ujumbe na idadi ya watumaji, na tathmini za majaji zitolewe pia kwa Kiswahili. Pasipo hayo, neno kura litumike kwa uangalifu. Kijana anayejifunza kwenye televisheni kwamba kura hununuliwa, na kwamba anayeihesabu hadaiwi maelezo, atafika na somo hilo kwenye kituo cha uchaguzi.