Kupanga, Kupangwa na Kumpanga Mtu: Uhakiki wa Msamiati wa Dola kuhusu Wamachinga

Utangulizi

Katika mitaa ya Mfaranyaki, kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, mchuuzi huianza siku kwa kupanga. Hupanga nyanya mafungu mafungu, hupanga viatu vya mtumba juu ya turubai, hupanga bei kulingana na sura ya mteja na saa ya siku. Katika sentensi hizi zote mchuuzi ni mtenda. Tangu mwaka 2021, hata hivyo, lugha ya utawala nchini Tanzania imekitwaa kitenzi hichohicho na kukigeuza: wamachinga sasa wanapangwa. Makala haya yanahakiki mgeuko huo. Hoja yake ya kwanza ni kwamba msamiati wa dola kuhusu biashara ya mkononi umebadilika sana tangu mwaka 1983, lakini uhusiano wa kisarufi uliomo ndani yake haujabadilika. Dola hubaki mtenda na mchuuzi hubaki mtendwa. Hoja ya pili ni kwamba fasihi na uhakiki wa Kiswahili, kwa kulilaani soko huria kwa jumla, vimemwacha mchuuzi bila lugha ya kujitetea.

Jina lililorudi Kusini

Neno machinga lina safari yake. Maelezo ya mitaani yanayolitoa katika Kiingereza, kwamba ni vijana watembeao kwa mwendo wa gwaride, yanapendeza kwa wasimulizi kuliko kwa wanaisimu. Maelezo yenye uzito zaidi hulihusisha na Wamachinga, jamii ya mkoa wa Lindi, na vijana wa Kusini waliokwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Kwa maana hiyo, jina la kabila liligeuka kuwa jina la kazi, na ndani yake likabeba hukumu ya mwenyeji juu ya mgeni.

Linapotumika Songea, jina hilo limerudi Kusini likiwa limevuliwa asili yake. Anayeitwa machinga Mfaranyaki anaweza kuwa Mngoni, Mmatengo au Mndendeule aliyezaliwa hatua chache kutoka anapouzia, na bado jina linamtaja kama mpita njia. Hili si jambo dogo la kietimolojia. Mpita njia hahamishwi, kwa kuwa hajawahi kuhesabiwa kuwa yupo mahali.

Kutoka mzururaji hadi mjasiriamali

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa majina makali. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ililipa neno mlanguzi uzito wa kijinai. Mwaka huohuo Sheria ya Nguvu Kazi iliipa serikali uwezo wa kuwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi halali. Mtu aliyetembeza karanga mchana kutwa aliweza kuitwa mzururaji, kana kwamba miguu yake ilikuwa ushahidi wa uvivu wake.

Enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi (1985–1995) ilileta neno jingine: ruksa. Wengi wamelisoma neno hilo kama kinyume cha marufuku, na kwa kiasi fulani ndivyo lilivyo. Lakini kisemantiki ruksa ina dhana-tangulizi ambayo haki haina: lazima awepo mtoaji, na aliyetoa aweza kutwaa. Kwa hiyo uhuru wa kuuza uliingia katika Kiswahili cha kisiasa ukiwa hisani. Ukali wa neno ulipungua, ila mwenye kauli hakubadilika.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya urasimishaji. Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania (MKURABITA) ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano na taasisi ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliyejulikana kwa kuwatetea wachuuzi wa Lima kama wajasiriamali waliozuiwa na wingi wa sheria. Jina la mpango wenyewe linastahili kusomwa kwa makini. Shina lililotoa rasmi na kurasimisha ndilo lililotoa urasimu, yaani kero ileile ambayo mpango ulikusudia kuiondoa. Tena walengwa wanaitwa wanyonge. Nadharia ya de Soto humwona mchuuzi kuwa mtu mwenye nguvu aliyefungwa mikono, ilhali tafsiri yake ya Kiswahili inamwona dhaifu anayehitaji kuinuliwa. Kati ya nadharia na jina lake, mtenda amepotea.

Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa malipo ya Sh 20,000, vikiwalenga wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Mjasiriamali ni neno la heshima, lenye ujasiri na mali ndani yake. Hata hivyo, ahadi iliyoandamana na kitambulisho ilikuwa kwamba mwenye nacho asibughudhiwe. Ujasiri wa jina ulitegemea kauli ya kutendwa, na mgambo aliyemkimbiza mchuuzi jana ndiye aliyetarajiwa kukiheshimu kitambulisho leo. Januari 2022, muundo mpya wa wizara uliwaweka wamachinga chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Aliyekuwa mjasiriamali akawa kundi maalumu.

Kitenzi kupanga

Kati ya hatua hizo mbili, katika robo ya mwisho ya mwaka 2021, ndipo wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam na miji mingine kwa jina la kuwapanga. Uteuzi wa kitenzi hicho ni wa ustadi. Kufukuza kungekumbusha virungu na bidhaa zilizomwagwa. Kusafisha, neno la operesheni za zamani, kungemlinganisha mtu na taka. Kupanga huashiria mpangilio mwema, na hakuna atakayesimama hadharani kutetea vurugu.

Lakini Kiswahili hakikitii kitenzi hicho kwa maana moja. Kupanga ni pia kukodi: mpangaji ni mtu alipaye ili akae, na maeneo rasmi huwa na ada zake. Na katika Kiswahili cha mitaani, kumpanga mtu ni kumlaghai kwa maneno matamu. Kijana anayesema "usinipange" hakatai utaratibu, anakataa kudanganywa. Maana hizo tatu hukaa pamoja katika sikio la msikilizaji, hata kama msemaji wa serikali alikusudia moja tu. Umahiri wa lugha ya mtaa upo hapo, kwani huliacha neno la dola lilivyo, kisha hulisikia kwa namna nyingine.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Njia za waenda kwa miguu zina wenyewe, na mwenye duka anayelipa kodi na pango ana malalamiko ya haki dhidi ya anayeuza mlangoni pake. Uhakiki wa msamiati haukanushi hayo. Unachohoji ni lugha inayomaliza mgogoro kwa kuuficha, pale ambapo pande mbili zenye madai zinageuzwa kuwa mpangaji mmoja na vitu vya kupangwa.

Soko huria katika fasihi

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa na nafasi ya kuyasema haya. Riwaya ya Chachage S. L. Chachage, Makuadi wa Soko Huria (2002), ni miongoni mwa kazi zenye nguvu zaidi dhidi ya ulegezaji wa masharti ya uchumi, ikiwa imejikita katika mradi wa ufugaji wa kamba kwenye delta ya Rufiji. Hasira yake ina sababu, na neno kuadi limetoka katika kichwa cha kitabu hicho likaingia katika mijadala ya kisiasa. Tatizo liko kwa wahakiki waliolipokea soko huria kama jina la adui mmoja. Mwekezaji anayepewa delta kwa uamuzi wa serikali na mchuuzi anayenyang'anywa beseni la ndizi kwa sheria ndogo ya halmashauri hawasimami katika soko moja. Wa kwanza anaibebesha dola biashara yake. Wa pili anafanya biashara licha ya dola.

Tofauti hiyo si ya Tanzania pekee. Tarehe 17 Desemba 2010, huko Sidi Bouzid, Tunisia, mchuuzi Mohamed Bouazizi alijichoma moto baada ya bidhaa zake kutwaliwa. Wapo waliomsoma kuwa mhanga wa uliberali mamboleo. De Soto alimsoma kuwa mfanyabiashara aliyenyimwa soko. Mhakiki wa Kiswahili aliyezoea mlanguzi kwa upande mmoja na kuadi kwa upande wa pili hana neno la kumweka Bouazizi, na kwa sababu hiyohiyo hana la kumweka muuza viatu wa Mfaranyaki.

Hitimisho

Majina yaliyochunguzwa yanatoka kwenye tusi kuelekea heshima, ila yote yametolewa upande mmoja. Hatua ya kwanza ya uhakiki wenye manufaa ni kurejesha kitenzi kisicho na pambo. Badala ya kusema wamachinga wamepangwa, isemwe wamehamishwa. Kuhamisha hakulaani wala hakusifu, bali hudai majibu: nani amehamisha, kutoka wapi, kwenda wapi, na kwa fidia gani. Kupanga hakuulizi hata moja kati ya maswali hayo.