Mizani ya Nani? Tahakiki ya Dhana ya "Msaada wa Mtengenezaji" katika Matumizi ya Seva Pepe Huria

Katika mijadala ya seva za taasisi za umma, hoja moja hutolewa kana kwamba imemaliza shauri: programu huria ya kuendeshea seva pepe haifai, kwa kuwa mtengenezaji wa mfumo unaowekwa juu yake hatoi msaada. Tahakiki hii inaipima hoja hiyo kwa kuitazama kutoka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ambako bei ya leseni hushindana na mahitaji ya zahanati.

Kosa la kwanza ni la lugha. "Msaada" kwa Kiswahili hutolewa bila bei. Hapa ni mkataba wenye malipo, mipaka na tarehe ya kuisha. Kusema "hakuna msaada" si kusema programu haifanyi kazi, bali kampuni haikujifunga kujibu. KVM imo ndani ya Linux tangu 2007. Takwimu za vituo vya afya nchini, vya Simiyu vikiwemo, hupita katika DHIS2, programu huria iliyolelewa Chuo Kikuu cha Oslo.

Mfano wa Oracle unaonesha vizuri asili ya kikwazo. Katika kuhesabu leseni za prosesa, kampuni hiyo hukubali mgawanyo uliofanywa kwa KVM ya Oracle Linux kwa masharti yake, lakini si ule wa KVM iliyofungwa na wengine. Teknolojia ni ile ile. Aliyebadilika ni mwenye jina. Wala anayelipa hana uhakika: Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu.

Wasukuma walilijua jambo hili kwenye pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliunda vikundi vya kuweka wapimaji wao kando ya mizani za wanunuzi, na katika vuguvugu hilo kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria mwaka 1955. Mizani zilikuwapo, haki ya kuzikagua ndiyo iliyokosekana.

Hata hivyo, vikundi vile vilihitaji mtu anayejua kusoma mizani, na hapa ndipo watetezi wa programu huria hudhoofika. Msimbo uko wazi, ndiyo, lakini kwa nani, saa nane usiku, jalada la mgonjwa linapokataa kufunguka? Pendekezo lisilotaja fundi wa kuitwa, wala siku ambayo nakala rudufu ilijaribiwa kurejeshwa, halijajibu lolote. Likishayajibu hayo, hifadhidata yenye masharti ya Oracle yaweza kubaki kwenye mashine yake peke yake, na mifumo mingine ikahamishwa bila kusubiri ruhusa.