Missa Luba na Sala ya Siri

Wapadri wetu, wanapopokea wageni hapa Kamina, hawakosi kuwatajia Missa Luba. Ni haki. Kazi ile ilizaliwa kwetu, na sisi wenyewe tunaisikia kwa furaha. Lakini sifa peke yake haitoshi. Tumeisikiliza tena tangu mwanzo mpaka mwisho, na tunapenda kuuliza neno moja: wimbo huu unamusaidia mukristu kusali, ao unasali pahali pake?

Tukumbuke kwanza ginsi ulivyofanyika. Katika mwaka wa 1954 Padri Guido Haazen, Mufransisko wa Ubelgiji, alikusanya hapa Kamina korali ya watoto wanaume karibu 45 na walimu karibu 15. Wakaitwa Troubadours du Roi Baudouin. Hakuwaandikia noti za kufuata. Walichukua maneno ya Latini, wakayaimba kwa namna ya nyimbo za wazee, wakitafuta pamoja mpaka sauti zikapatana. Misa ile iliimbwa hapa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule korali ilikwenda Ulaya, na santuri ikatoka.

Kyrie imefuata namna ya kasala, wimbo wa kilio wa Baluba. Mutu aliyelala katika kilio chetu atafahamu mara moja. Sauti moja inatangulia, kisha wengi wanaitika. Mwenye kuimba kasala anamwita marehemu kwa jina lake na kwa majina ya wazee wake. Anajua anasema na nani. Katika Kyrie hii Bwana anaitwa vile vile, kwa moyo wa mutu aliyefiwa. Kwetu sisi, hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi yote.

Sanctus imetoka katika wimbo wa Kiluba wa kuagana. Wengine wanalaumu: kwa nini huzuni ya kuagana katika sifa za malaika? Hatukubali lawama hiyo. Nyuma ya Sanctus padri atatwaa mukate kama Bwana alivyoutwaa usiku wa kuagana na wanafunzi wake. Wimbo umejua pahali pake. Lakini katika Credo ngoma ina nguvu sana, na mara nyingine sikio linashiba mbele ya roho. Hapo tunaona hatari, wala si hatari ya watoto wale wa 1958. Ni yetu.

Maana wako wanaosema: sala ya peke yake ni desturi ya wazungu, Mwafrika anasali pamoja na wenzake, kwa kuimba na kupiga ngoma. Neno hili linapendeza, lakini si kweli. Tuangalie tena kilio. Mama aliyefiwa analia siku nyingi pamoja na watu. Wageni wakiisha kurudi kwao, anabaki ndani ya nyumba, anaona kiti kitupu, na hapo analia bila mutu kumwitikia. Nani atasema kilio kile ni cha kizungu? Tena mutu asiyelia hata kidogo watu wakiisha kwenda, tunajua alikuwa analilia macho ya watu.

Na Mwenye Heri Isidore Bakanja alikuwa mutu wa wapi? Kule Ikili alikuwa mufanyakazi wa wazungu, mbali na misioni, bila padri wala korali. Alishika rozari yake na skapulari yake. Kwa sababu ya imani ile alipigwa vibaya sana, akafa katika mwaka wa 1909. Kanisa lilimutangaza Mwenye Heri katika mwaka wa 1994.

Tuungame neno letu wenyewe. Katika mwaka wa kwanza wa upadri wetu tuliongoza korali ya parokia moja. Mbele ya Pasaka tulifundisha nyimbo jioni kwa jioni, hata breviari ikabaki juu ya meza. Siku ya Pasaka watu walitusifu sana. Katekista mumoja muzee alitungojea karibu na sakrestia, akasema kwa heshima: «Baba Padri, nyimbo ni nzuri. Na ninyi wenyewe munasali saa gani?» Hatukupata jibu. Mpaka leo tunaona haya.

Konsilio ya pili ya Vatikano, katika maandiko yake juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, ilifungua mulango kwa muziki wa mataifa yetu. Wengi wanakumbuka hilo. Lakini maandiko yale yale, katika namba 12, yanafundisha kwamba maisha ya roho hayaishi katika liturjia peke yake: mukristu ameitwa kusali na wenzake, na tena imemupasa kuingia chumbani kwake na kusali kwa Baba katika siri. Wandugu, tusichague namba moja na kuruka nyingine.

Basi, hatusemi Missa Luba iwekwe kando. Iimbwe, na nyimbo zingine za kwetu ziimbwe. Lakini waseminari wanaofundisha korali wajaribu jambo hili: mbele ya kupiga ngoma, kila mutu apige magoti robo saa, kimya, bila kitabu. Mwenye kutangulia katika Kyrie awe amekwisha kumwita Bwana alipokuwa peke yake. Kama hajamwita bado, angojee kwanza, mwingine atangulie.