Mipaka ya Vinasaba vya Mama: Tahakiki ya Hoja kuhusu Kipunji na Pomboo

Tahakiki hii inachunguza hoja iliyozoeleka katika tafiti za mageuko ya wanyama, kwamba vinasaba vya mitokondria vinatosha kueleza asili ya jamii nzima. Udhaifu wa hoja hiyo uko katika urithi wenyewe: vinasaba hivyo hutoka kwa mama pekee, hivyo husimulia safari ya majike tu.

Kwa msomaji aliye Iyunga, jijini Mbeya, mfano wa karibu ni kipunji wa Mlima Rungwe. Wanasayansi walimfikia mwaka 2003 kupitia masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa. Mwaka 2005 aliainishwa katika jenasi ya Lophocebus. Mwaka 2006, baada ya kuchunguzwa mmoja aliyenaswa katika mtego wa mkulima, alipewa jenasi yake, Rungwecebus. Mwaka 2009 mitokondria za kipunji wa Rungwe zilibainika kukaribiana mno na za nyani. Uchambuzi ungeishia hapo, kipunji angeweza kudhaniwa kuwa tawi tu la nyani. Hata hivyo, ushahidi wa mwaka 2010 kutoka msitu wa Ndundulu, katika Milima ya Udzungwa upande wa Iringa, haukuonesha mitokondria hizo. Ufafanuzi uliopendekezwa ni kwamba kipunji wa Rungwe waliwahi kuchanganyika na nyani, wakarithi alama hiyo kwa majike.

Funzo hilo linahusu bahari pia. Utafiti wa mwaka 2011 kuhusu pomboo wa Unguja, uliotumia mitokondria, ulionesha tofauti kati ya kaskazini na kusini mwa kisiwa. Matokeo hayo yanathibitisha kwamba majike hawachanganyiki sana. Hayathibitishi kwamba madume hawavuki. Kuyaita makundi hayo jamii mbili zilizofungana kunahitaji vinasaba vya kiini cha seli.

Suala hili si la istilahi tu. Mwaka 2008 kipunji wote walikadiriwa kuwa 1,117, na kati yao 75 tu ndio wa Ndundulu. Anayetazama hesabu pekee ataona sehemu ndogo ya jamii. Anayetazama nasaba ataona ukoo wa kike usio na mbadala Rungwe. Kwa hiyo, ushahidi wa mama usikataliwe, bali usiachiwe kutoa hukumu peke yake.